Niliomba watu milioni 3.2, kumbe ni dola

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Naomba usitaje jina langu, we sema tu mama wa Kisauni, maana Kisauni ni kubwa. Nakuandikia saa nane za usiku, mume kalala, mie niko jikoni namenya viazi vya kesho (nauza viazi karai na bajia hapa mlangoni) na nkianza kumenya ndo mawazo yanapata nafasi.

Nina watoto wawili, msichana wa miaka 14 na mvulana wa 8, huyu mvulana tumwite Sudi. Sudi alichelewa kutembea, alafu akawa anaanguka anguka, ustadhi wa madrasa akawa aniambia huyu mtoto mvivu wa kuinuka, wenzake washatoka mbio yeye bado yuko kwa jamvi. Ukimuona anavoinuka utalia. Anageuka anapiga magoti, anashika sakafu kwa mikono yote miwili, alafu anaanza kujipanda mwenyewe, mkono kwa goti, mkono kwa paja, mpaka asimame. Na mashavu ya miguu yake ni manene magumu, mama mkwe alikuwa ajisifu kwa majirani ati huyu atacheza mpira.

Tulizunguka karibu miaka mitatu, mara tuambiwe ni unyayo bapa, mara vitamini, mara tununue viatu vya namna fulani. Mpaka daktari mmoja wa watoto akamtoa damu ya kipimo cha CK, kile cha kuonyesha misuli ikiharibika, ikarudi juu sana, akasema hii lazima iende kupimwa jeni, ikapelekwa nje ya nchi, karatasi ikarudi: Duchenne, imekosekana eksoni 45 mpaka 50. Yule daktari alinieleza kwa utaratibu, si kosa lake, lakini mie nilisikia mpaka pale aliposema misuli inakufa kidogo kidogo, baada ya hapo nikawa naona mdomo wake ukienda tu. Akamuanzishia prednisoloni kila siku, vidonge vile vya steroidi, na mtu wa fizio akanifundisha kumnyoosha visigino.

Sasa shemeji yangu aliyeko Doha akatuma klipu, mtoto mzungu apanda ngazi ambio, chini imeandikwa tiba ya jeni, sindano moja, 3.2M. Bi Mshauri, sote tulisoma shilingi! Milioni 3 na laki 2. Ni pesa nyingi lakini ni pesa ya binadamu. Tukafungua grupu la WhatsApp, "Sudi Atembee", mume wangu ana tuktuk kwa hivyo steji nzima ikaingia, chama changu kikaingia, madrasa, watu wa msikitini, hata kanisa la jirani yetu walipitisha kikapu Jumapili. Kuna mama auza nazi Kongowea hata hatujuani vizuri, kila Alhamisi anituma shilingi 50 kwa M-Pesa alafu anaandika "mama sudi hii ni ya wiki hii". Mpaka leo tuna 1,870,000.

Wiki tano zilizopita usiku kama huu nikasema wacha nisome hii dawa ni ya hospitali gani. Nikaona alama ya dola. Nikadhani nimeona vibaya. Nikachukua kikokotoo cha simu nkapiga mara 129, shilingi za dola moja, ikaja 412,800,000. Nikahesabu zile namba kwa kidole. Tangu siku hiyo sijaandika neno kwenye grupu, na watu bado watuma.

Nikamwambia mume wangu. Hakushtuka, akanyamaza kidogo alafu akasema yeye ashapata njia nyingine. Kuna ajenti wa matibabu, ofisi yake iko hapa mjini juu ya duka, ukutani amebandika picha za watoto wanacheka. Huyo asema kuna kliniki ng'ambo watamtoa Sudi mafuta ya tumbo, wasafishe seli shina, wamdunge tena, wiki tatu, milioni 2.4 na tikiti za watu wawili na hoteli. Atuhakikishia mtoto atarudi akitembea kama wenzake. Ataka laki nne za kushikia nafasi mwisho wa mwezi huu na hazirudishwi. Ametuma na masharti kwa simu: mtoto aache dawa zote wiki 2 kabla ya safari, mwili uwe safi.

Mume wangu asema hiyo pesa ni ya Sudi, watu walitoa mtoto atibiwe na atatibiwa, nikienda kumwaga mtama kwenye grupu nitamuaibisha mbele ya steji nzima, na mwanangu nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu. Mama mkwe naye tangu karatasi ilipokuja asema ugonjwa huu kwao haupo, nimeuleta mie. Na juzi msichana wangu akanishika jikoni akaniuliza, "Mama, hata mimi ninao?" nikamwambia nenda kalete mkaa.

Nisemeje kwenye grupu? Ama ninyamaze, nimfuate mume wangu twende? Nikikataa alafu ikawa kweli ile dawa ingemsaidia nitajiangaliaje? Nishauri lakini usinigombeze, nimechoka.

Mama wa Kisauni

—

Waaleikum salaam mwanangu,

Sikugombezi. Kwa nini nikugombeze, mtu anamenya viazi saa nane za usiku na hesabu ya milioni 412 kichwani.

Kabla sijasema lolote kuhusu pesa, lile sharti la kuacha vidonge. Hili sitalizungukia: usimkatize Sudi prednisoloni hata siku moja kwa sababu ya meseji ya mtu. Mie kabla ya kuandika safu hii nilikuwa nesi wodi ya watoto, na hili nililiona kwa macho. Mtoto akimeza steroidi kila siku kwa muda, mwili wake unaacha kutengeneza ile ya kwake, waona ya nini na yaletwa. Ukikata ghafla anabaki hana hii wala ile, anatapika, anaregea, presha inashuka, anaweza kufa. Hupunguzwa polepole na daktari aliyeanzisha. Sasa nakuuliza tu, mtu anayewatibu watoto wa Duchenne kila siku, ambao wengi wako kwa steroidi, anaweza kukosa kujua hili? Na ukiwa hapo muulize jingine, huko kutolewa mafuta tumboni atalazwa kwa dawa gani ya usingizi? Maana watoto wa Duchenne kuna dawa za usingizi ni hatari kwao, ile sindano ya kuregeza misuli inayoitwa saksametoniamu na gesi za kuvuta, zinaweza kusimamisha moyo. Hata kama ni jino tu analitoa, daktari wa usingizi lazima ajue ni Duchenne. Andika hilo neno kwenye karatasi uliweke na kadi yake ya hospitali.

Haya. Nimekuelewa hivi: mliomba watu pesa kwa ajili ya kitu kimoja, kile kitu kikaonekana hakifikiki, pesa imebaki mkononi, na mume wako anataka kuitia kwenye kitu cha pili kabla watu hawajajua kuhusu cha kwanza. Juu yake kuna lawama za mama mkwe na swali la binti. Wewe umeliandika kama swali la grupu, niseme ama ninyamaze. Mie naona chini yake kuna swali jingine, kwamba wewe mwenyewe bado hujajua kama umepoteza dawa ama umepoteza klipu. Ndio maana wiki tano huna neno. Kwa hivyo wacha kwanza nikueleze ile 3.2M ni nini hasa.

Mume wako ni mtu wa tuktuk, ataelewa haraka kuliko sisi. Kwenye msuli kuna kitu kinaitwa distrofini, kazi yake ni kama springi, msuli ukikaza na kulegea yeye anapokea ule mtikisiko. Sudi hana springi. Kila hatua anayopiga ni tuktuk inapita mashimo bila springi, bodi inapasuka kidogo kidogo, na mwili unaziba nyufa kwa mafuta na kovu, ndo hayo mashavu ya miguu mama mkwe alikuwa ajisifu nayo. Maelezo ya kutengeneza distrofini yako kwenye jeni moja ndefu kuliko zote za binadamu, ina vipande 79, hivyo vipande ndo eksoni.

Ile sindano inaitwa Elevidys. Wanachukua kirusi kisichodhuru wanakipakia jeni iliyofupishwa, kwa sababu ile nzima haiingii, ni kubwa mno, kisha kinaipeleka kwenye misuli ikatengeneze distrofini fupi. Marekani waliiruhusu 2023 kwa watoto wa miaka 4 na 5, mwaka 2024 wakafungulia na wakubwa. Lakini mwanangu, sikiliza na upande huu. Kwenye utafiti wake mkubwa walichukua wavulana 125 wa miaka 4 hadi 7, wengine wakapewa dawa wengine wakapewa kitu kisicho dawa, wakapimwa baada ya mwaka, kupanda ngazi, kuinuka, kuruka, kwa alama 34. Waliopewa dawa walipanda alama 2.6. Wasiopewa walipanda 1.9. Tofauti haikutosha kusema ni dawa. Na wale wasiopewa walipanda kwa nini? Kwa sababu mtoto wa Duchenne wa umri huo bado anakua, anajifunza, kwa muda anaushinda ugonjwa mbio. Kwa hivyo ile klipu ya mtoto kupanda ngazi, rudi uiangalie tena. Ana miaka mingapi? Sudi alipokuwa na miaka 5 hakuwahi kupanda ngazi siku akawa na raha zake? Na kweli huyo ana Duchenne? Maana kuna ugonjwa mwingine wa kurithi, SMA, huo ni wa neva zinazoamrisha misuli, na dawa zake zimefanya makubwa kweli, ya kwanza ilitoka Marekani mwisho wa 2016, ya sindano moja ikaja 2019 kwa walio chini ya miaka 2, ikifuatiwa na ya kunywa 2020. Watoto ambao zamani hawakufika hata kukaa sasa wengine wanakaa, wengine wanatembea. Klipu za hao zinazunguka kwenye simu zikiwa zimebandikwa jina lolote.

Halafu 2025 vijana wawili ambao tayari walikuwa hawatembei walifariki baada ya kupewa Elevidys, ini lilifeli. Wakasimamisha, wakarudisha kwa wanaotembea tu, na onyo kubwa juu ya boksi. Ulaya mwaka huo huo kamati yao ya dawa ikapendekeza isiruhusiwe. Sisemi ni dawa mbaya, kuna wazazi wataapa mbele yako imewasaidia, na wanasayansi bado wanabishana. Nasema hivi, usijibebeshe kwamba kuna mlango wa kupona umefungwa na wewe huna funguo. Hiyo 1,870,000 haifiki hata nusu shilingi kwa kila mia ya bei yake, ni kweli, lakini hata kile kilichokuwa kinauzwa kwa bei hiyo si miguu mipya.

Sasa ile karatasi yako, 45 mpaka 50, naomba uithamini kuliko klipu. Fikiria treni ya mabehewa 79, kila behewa kulabu yake imekatwa kwa namna yake, inaingia kwa jirani yake tu. Sudi mabehewa 45 mpaka 50 hayapo. Kulabu ya 44 haiingii kwenye 51, treni inakatika hapo, springi haitengenezwi kabisa. Lakini 44 inaingia kwenye 52! Kwa hivyo kuna dawa kazi yake ni kulificha behewa la 51 wakati mwili unasoma, 44 ishikane na 52, treni iwe fupi lakini iende. Hiyo ni eteplirsen, ya drip kila wiki, Marekani waliipitisha 2016, na inawafaa kama watoto 13 katika kila 100 wa Duchenne, na Sudi kwa karatasi yake yuko humo. Kabla hujaruka: distrofini iliyoongezeka ilikuwa ndogo, kwa wastani haikufika asilimia 1 ya kawaida, Ulaya waliikataa, na bei yake nayo si ya michango. Ila wanaendelea kutengeneza aina mpya za hiyo hiyo 51, zimefungwa kwenye kitu cha kuzisukuma ndani ya msuli vizuri zaidi, ziko kwenye majaribio. Siku moja mtu atauliza "nani ana mtoto wa 51", na mzazi mwenye karatasi ndo atainua mkono. Ipige picha, ijitumie kwa imeili, na umuulize daktari wako kuhusu daftari za wagonjwa ambazo watafiti huzitumia kutafuta watoto wa kuwajaribia dawa.

Na hapa ndo ninapomuogopa yule ajenti zaidi ya hata ile pesa. Majaribio mengi hayamchukui mtoto aliyewahi kudungwa seli za kliniki isiyojulikana, hawajui tena wanapima nini. Seli shina za mafuta ya mtoto mwenyewe, si Marekani si Ulaya, mamlaka za dawa hazijaziidhinisha kwa Duchenne. Na ukiwaza, seli zatoka kwa Sudi mwenyewe, zina karatasi ile ile, mabehewa yale yale hayamo. Muulize ajenti hilo, utulie usikilize atakavyojibu. Muulize pia jina la daktari, watoto wangapi wa Duchenne amewafuatilia miaka miwili baadaye, na kwa nini laki nne hazirudi. Usiende peke yako, nenda na mume wako, na maswali ayaulize yeye.

Maana huyu mume wako, mwanangu, nimemfikiria sana. Umeandika "hakushtuka". Mtu anaambiwa milioni 3 zimekuwa 412 asishtuke? Mie nahisi alijua kabla yako. Pengine naye alipiga kikokotoo siku moja ndani ya tuktuk akisubiri abiria, akakaa nayo peke yake, kisha akaenda kumtafuta yule ajenti kwa sababu baba wengine hawawezi kulia lakini wanaweza kusafiri. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndo wamjua. Ila kuna tofauti ya kumwambia "huyo ajenti wako mwizi" na kumuuliza "ulijua lini?" Hilo la pili sijui litafungua nini, linaweza kufungua ugomvi pia.

Grupu sasa. Mume wako anasema watu walitoa Sudi atibiwe. Wewe unaogopa watasema mmewadanganya. Wote wawili mnawasemea watu ambao hamjawauliza. Yupo aliyetoa kwa ajili ya sindano, akisikia ni dola atataka chake, na ni haki yake, itabidi mrudishe na itauma. Yupo atakayeropoka, steji hazikosi watu wa namna hiyo, na mume wako ndo atakaa nao kuanzia alfajiri, hofu yake si ya kipuuzi. Lakini pia yupo aliyetoa kwa sababu ya mtoto anayejipanda kwa mikono kuinuka jamvini, huyo ukimwambia sindano haipo atakuuliza basi anahitaji nini. Huwezi kujua nani ni nani mpaka useme, na ukisema huwezi kurudisha.

Kunyamaza nako kuna gharama, hata kama hujaguswa na mtu. Kila Alhamisi inayopita na wewe unajua, lile lililokuwa kosa la kusoma M vibaya linaanza kuwa kitu kingine. Kosa la kwanza mtu yeyote angelifanya, nani katika grupu zima aliuliza ni M ya nini? Mkiamua kusema, mnaweza kusema pamoja ama akasema mzee mmoja mnayemheshimu kwa niaba yenu, mkafunga michango siku hiyo hiyo na kuweka hesabu wazi, anayetaka chake akarudishiwa, na waliobaki wakaombwa ruhusa ya kubadilisha kazi ya pesa. Mkiamua kusubiri, angalau fungeni michango.

Na kubadilisha iwe kazi gani? Hapa nakwambia kwa uhakika zaidi kuliko mahali popote kwenye barua hii, kwa sababu ni mambo yanayojulikana. Vile vidonge vya senti chache anavyomeza Sudi ndo vimesaidia watoto wa Duchenne wengi zaidi duniani, kwa wastani vinarefusha kutembea kwa miaka 2 hadi 3, vinasaidia na kifua. Vina madhara yake, uzito, mifupa, hasira za ghafla (usimchape, ni dawa hiyo), kwa hivyo ataka kufuatiliwa. Eko ya moyo, ile picha ya kuutazama ukipiga, kila mwaka hata akiwa hana dalili, kwa sababu moyo nao ni msuli, na akikaribia miaka 10 daktari atazungumza nawe kuhusu dawa za kuukinga. Kumnyoosha kila siku na splinti za usiku. Asilazimishwe mazoezi ya kuchoka, yule ustadhi umueleze kwa upole. Mnakaa ghorofani ama chini? Hukusema. Kama ni ghorofani, kodi ya nyumba ya chini ni matibabu. Siku kiti cha magurudumu kitakapohitajika, APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, wale wa Bombolulu, wana kazi hiyo, na uandikishaji wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anza mapema, usingoje mpaka aache kutembea. Siku hizi kuna dawa nyingine za kunywa zisizojali karatasi inasemaje, givinostat iliruhusiwa Marekani Machi 2024 kwa wa miaka 6 kwenda juu, lakini hizo ni za kumuuliza daktari, si za kumfungulia mtu grupu.

Najua haya hayapendezi kama sindano moja. Hata mie nikiyaandika naona yanavyokosa ladha.

Mama mkwe. Duchenne iko kwenye kromosomu X, ambayo mvulana huipata kwa mamake, ndo maana lawama hukimbilia kwa mama. Lakini kiasi cha mtoto mmoja katika watatu huja na hitilafu mpya, mama hana, hakuna aliyeileta. Wewe hujapimwa, kwa hivyo yeye hajui na wewe hujui. Kupimwa ni hiari yako, ila kuna sababu moja isiyohusu lawama, mwanamke anayeibeba anaweza kuguswa moyo akiwa mtu mzima, kwa hivyo ukijua unauangalia. Ukiwa unaibeba, binti yako ana nusu kwa nusu. Ukiwa huibebi, kwake hatari ni ndogo sana, si sufuri.

Na yule binti aliyetumwa mkaa. Hakuuliza ili umpe jibu la maabara. Anamuona kakake, anasikia bibi yake ukumbini, na miaka 14 anajumlisha mwenyewe. Kumpima sasa hakuna haraka, madaktari wengi hupenda msichana afikie umri wa kuamua mwenyewe. Lakini swali lake bado liko pale jikoni. "Sijui bado, na nikijua nitakwambia" ni jibu pia.

Mwisho wa mwezi uko karibu na hujaniambia mnaelekea wapi, na si kazi yangu kukuelekeza kwa mumeo ama kwa grupu, nyinyi ndo mtalala na hilo. Naomba kitu kimoja. Alhamisi hii yule mama wa nazi akituma ile hamsini yake, kaa chini umuandikie jibu, useme kama ungekuwa unaongea naye pale Kongowea, nazi iko kati yenu. Si lazima uitume. Muonyeshe mume wako, kisha uniandikie alisema nini.

Bi Mshauri